Skrubu Ndogo Isizime Mashine: Jinsi ya Kutunza na Kuboresha Vibanio vya Msumeno wa Nakshi

Katika karakana moja ya mbao hapa jijini Eldoret, tulikuta msumeno wa nakshi umefunikwa gunia na kusukumwa kwenye kona. Mwenye karakana alitueleza kwamba mashine hiyo ilikuwa imekufa. Kila alipoanza kukata, bledi ilichomoka. Alikuwa ameanza kutafuta mtu wa kuinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Tulipoiwasha, mota ilizunguka bila hitilafu yoyote. Kilichokuwa kimeharibika ni skrubu moja fupi kuliko kidole gumba, ile inayobana bledi.

Huenda karakana hiyo si ya pekee. Msumeno wa nakshi ni mashine ndogo yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kwa kasi, na ndiyo inayotumika kukata herufi, maua, saa za ukutani, vinyago bapa, ngao za zawadi kwa wanariadha na mapambo ya mimbari za makanisa. Ni kazi inayolipa kwa mbao kidogo, hata vipande vinavyobaki baada ya kutengeneza kabati. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi anaweza kuanza nayo kwenye chumba kimoja. Lakini asipojua kutunza vibanio vya bledi, ataitupa mashine nzima kwa sababu ya kipande kidogo cha chuma.

Makala haya yanaeleza kibanio hufanyaje kazi, kwa nini huchoka, jinsi ya kukirekebisha mwenyewe, na jinsi ya kubadilisha skrubu yake bila kuharibu mashine wala kuhatarisha vidole na macho.

Kibanio hufanyaje kazi?

Bledi ya msumeno wa nakshi hushikwa sehemu mbili, juu na chini ya meza. Kila upande una kibanio chenye mwanya mwembamba. Ncha ya bledi huingia kwenye mwanya huo, kisha fundi hukaza skrubu yenye kichwa kipana kwa vidole. Tuiite skrubu ya mkono. Skrubu hiyo huisukuma bledi dhidi ya upande wa pili, ambako katika mashine nyingi kuna skrubu nyingine isiyo na kichwa, inayorekebishwa kwa spana ya pembe sita.

Kuna bledi za aina mbili. Aina ya kwanza ina vipini vidogo kwenye ncha zake, navyo hunasa kwenye ndoano ya mashine. Aina ya pili haina vipini, bali hutegemea nguvu ya kibanio peke yake. Mafundi wa nakshi hupendelea hii ya pili kwa sababu hupita kwenye tundu dogo sana, na hivyo huweza kukata nakshi za ndani. Urefu wake wa kawaida ni milimita 127, yaani inchi 5.

Hapa ndipo skrubu ya mkono inapopata mateso. Kwa kila tundu la ndani, fundi hulegeza kibanio cha juu, hupitisha bledi kwenye tundu, kisha hukaza tena. Saa ya ukutani yenye matundu 40 ina maana ya kulegeza na kukaza mara 40. Wakati wa kukata nako, bledi huvutwa juu na chini mamia ya mara kwa dakika. Si ajabu kwamba sehemu hii ndiyo huchoka kabla ya nyingine zote.

Tambua ugonjwa kabla ya kutibu

Bledi inapoacha kukata, iangalie kabla ya kuitupa. Ikiwa imekatika katikati, tatizo huenda ni bledi butu, mkazo usiofaa, au fundi anasukuma mbao kwa nguvu kupita kiasi. Ikiwa imechomoka ikiwa nzima, kosa liko kwenye kibanio au kwenye ncha ya bledi yenyewe.

Sababu za kuchomoka kwa bledi ni hizi:

1. Mafuta. Bledi nyingi mpya hupakwa mafuta kiwandani ili zisishike kutu. Mafuta hayo huifanya iteleze ndani ya kibanio.

2. Vumbi la mbao. Vumbi hujaa kwenye mwanya na kwenye meno ya skrubu. Fundi huhisi skrubu imekaza, kumbe imekaza vumbi.

3. Ncha ya skrubu iliyolika. Ncha ikishakuwa na shimo au kuvimba pembeni, haigusi bledi sawasawa. Hata huipinda bledi unapokaza.

4. Skrubu ya upande wa pili iliyosogea. Hii ikilegea, bledi husimama upande, na mkazo hupotea.

5. Koleo. Wengi, bledi inapoteleza, huchukua koleo na kukaza zaidi. Bledi hushika siku hiyo, lakini kichwa cha skrubu huvunjika, meno hulika, na mwili wa kibanio, ambao mara nyingi ni wa aluminiamu, hupasuka. Ugonjwa mdogo hugeuka kuwa mkubwa.

Usafishaji wa kila wiki

Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha vidole vyako vikiwa kwenye kibanio.

Ondoa bledi, kisha fungua skrubu ya mkono ya juu na ya chini. Piga brashi ya zamani ya meno kwenye mwanya na kwenye tundu la skrubu. Chovya kitambaa kwenye spiriti na ufute mahali bledi inapobanwa. Acha pakauke.

Tazama ncha ya skrubu kwenye mwanga. Ikiwa ina shimo dogo au imevimba, isimamishe wima juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo au bamba bapa, uisugue polepole huku ukiizungusha hadi iwe bapa tena. Usiondoe chuma kingi. Lengo ni kusawazisha, si kufupisha.

Bledi nayo ifutwe ncha zote mbili kwa spiriti, kisha zisuguliwe kidogo kwa msasa laini ili zipate kushika. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na mara nyingi ndiyo tiba yote inayohitajika.

Je, skrubu itiwe mafuta? Meno yake yanaweza kupata tone dogo, kisha yafutwe. Ncha yake isiguse mafuta kamwe.

Unaporudisha bledi, kaza kwa vidole tu. Ikiwa vidole havina nguvu ya kutosha, chukua kipande cha mbao ngumu, ukate mfereji unaoingia sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, ukitumie kama kishikio cha kuzungushia. Kitakuongezea nguvu kiasi bila kuvunja kitu. Kimetokana na mabaki ya mbao, na hakina gharama.

Wakati wa kubadilisha skrubu

Zipo hali ambazo usafi hautoshi. Badilisha skrubu ikiwa meno yake yamelika, kichwa kimepasuka, au inaendelea kuachia bledi hata baada ya kusafishwa. Wengine huibadilisha kwa sababu kichwa cha asili ni kidogo mno. Asubuhi ya Julai hapa Eldoret, mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, chuma huwa baridi na vidole huwa vizito. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo au fundi mwenye ulemavu wa mkono, kichwa kikubwa chenye mabawa au chenye umbo la nyota ndicho kinachomwezesha kufanya kazi bila kumwita mtu.

Zingatia mambo manne kabla ya kununua.

Kwanza, meno. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia skrubu za inchi, ilhali nyingine hutumia skrubu za milimita. Skrubu ya robo inchi ina upana wa milimita 6.35, na ile ya M6 ina milimita 6. Kwa macho zinafanana, lakini meno yake hayalingani. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, utaharibu kibanio. Beba skrubu ya zamani dukani. Tafuta nati inayoingia juu yake kwa wepesi hadi mwisho, kisha uijaribu nati hiyo hiyo kwenye skrubu mpya. Nati ikikwama katikati, hiyo siyo.

Pili, urefu. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kugonga mkono wa mashine au sehemu ya chini ya meza.

Tatu, uzito. Kibanio hupanda na kushuka pamoja na bledi. Kichwa kizito cha chuma huongeza mtetemo na kuchosha mashine. Chagua kichwa chepesi cha plastiki ngumu au aluminiamu, chenye uzito usiozidi sana ule wa asili.

Nne, ncha. Iwe bapa na laini. Ukikosa ya dukani, fundi wa kerezo anaweza kukusawazishia ncha ya skrubu ya kawaida au kukuchongea nyingine. Mpelekee ya zamani kama kielelezo.

Baada ya kuifunga, mashine ikiwa bado haina umeme, zungusha mota kwa mkono au usogeze mkono wa mashine polepole hadi bledi ipande na kushuka mzunguko mzima. Sikiliza. Pakigusa popote, usiwashe. Kisha weka kiguni, yaani pembe mraba ya fundi, kando ya bledi uone kama imesimama wima. Ikiwa imeegemea upande, rekebisha skrubu ya upande wa pili kidogo kidogo. Mwisho, igonge bledi kwa ukucha. Ikilia kwa sauti nyembamba na safi, mkazo ni mzuri. Ikitoa mlio mzito wa kulegea, ongeza mkazo. Anza kwa mwendo wa polepole.

Tahadhari kwa wanunuzi wa mashine kuukuu

Mashine kutoka Marekani hutumia umeme wa volti 120 na marudio ya hezi 60. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, mota inaweza kuungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kupunguza volti, na hata hivyo baadhi ya mota zitazunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa. Soma kibandiko cha mashine kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji afungue vibanio vyote viwili mbele yako, kwa kuwa skrubu iliyokwama kwa kutu au kibanio kilichopasuka huonekana hapo hapo.

Usalama na sheria

Bledi inayochomoka ikiwa kwenye mwendo inaweza kurukia uso. Vaa miwani ya kinga kila wakati, hata kwa kipande kidogo. Vaa barakoa ya vumbi, hasa unapokata ubao wa MDF. Usivae glavu, mikono mirefu iliyolegea wala mkufu. Nywele ndefu zifungwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mashine ziko salama na wafanyakazi wana vifaa vya kinga na mafunzo. Haitofautishi kiwanda kikubwa na karakana ya jua kali yenye vijana wawili. Mfanyakazi akiumia, Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamlinda. Mpe mwajiri wako taarifa mara moja, na upate matibabu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mwanagenzi asiambiwe kwamba kidole kilichokatwa ni ada ya kujifunza kazi.

Mali ya karakana, mali ya umma

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Mashine iliyo katika chuo hicho, iwe Turbo, Soy, Moiben, Ainabkoi, Kesses au Kapseret, ilinunuliwa kwa kodi ya mwananchi. Ikilala chini ya gunia kwa sababu ya skrubu, darasa zima linakosa kujifunza. Tunawahimiza wakufunzi waweke daftari ndogo kando ya kila mashine, waandike tarehe ya kusafisha vibanio, na wahifadhi skrubu mbili za akiba kwenye kopo lenye jina la mashine hiyo.

Na yule mwenye karakana tuliyemtembelea? Skrubu yake ilipelekwa kwa fundi wa kerezo aliye umbali wa kutembea kwa miguu. Ncha ilisawazishwa, vibanio vikapigwa brashi na spiriti, na bledi ikafungwa kwa vidole. Kabla hatujaondoka alikuwa amekata herufi ya kwanza ya jina la binti yake kwenye kipande cha saipresi. Gunia lilikuwa limekunjwa chini ya meza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya kufunga karakana, chomoa plagi, fungua skrubu ya mkono, uitazame ncha yake.