Kipenga Kisichotazama Miguu

Hapana kosa katika mpira wa vikapu linalozua ubishi shuleni kama lile la kutembea na mpira. Kijana hukimbia kuelekea kikapuni, akaudaka mpira, akapiga hatua ya kulia na ya kushoto, na kabla hajarusha kipenga kimelia. Mwamuzi huzungusha ngumi zake, mpira ukapewa wapinzani, nao walimu wa pande zote mbili huanza kufoka. Jambo ambalo ni nadra kuulizwa ni iwapo mwamuzi huyo aliitazama miguu ya mchezaji.

Nasema hivi kwa kuwa, aghalabu, waamuzi wa mashindano ya vijana huhukumu sura ya mwondoko badala ya mwondoko wenyewe. Ukiwa mgeni machoni pao, huwa kosa. Ukiwa wa kila siku, hupita hata kama umevunja sheria waziwazi.

Sheria yenyewe haina fumbo kubwa. Mchezaji aliyeupokea mpira akiwa amesimama kwa miguu miwili, mara tu anapoinua mmoja, ule uliosalia chini huwa ndio egemeo lake. Anaweza kuzunguka juu yake apendavyo, mithili ya bikari iliyochomekwa karatasini. Akitaka kuanza kudunda, sharti mpira umtoke mkononi kabla egemeo halijainuka. Akitaka kurusha au kutoa pasi, ana ruhusa ya kuliinua, mradi mpira uwe umemtoka kabla mguu haujarudi chini.

Aliye mbioni ana hukumu yake. James Naismith alipoandika kanuni zake 13 huko Springfield, Marekani, mwezi wa Desemba 1891, alikataza kukimbia na mpira, lakini akamwachia nafasi yule aliyeudaka akiwa katika mwendo wa kasi, mradi ajaribu kusimama. Ubishi wa leo umo ndani ya nafasi hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba, 2017, sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zimeeleza kwamba mguu uliopo chini wakati mchezaji mwenye mwendo anapoutia mpira mkononi hauhesabiwi. Hatua ya kwanza ni ya mguu unaogusa sakafu baada ya hapo, kisha huja ya pili. Mtazamaji aliye kando ya uwanja huona nyayo tatu, naye huapa kwamba kosa limetendeka. Kumbe ile ya mwanzo ni sifuri! (Mwalimu anayetegemea kanuni za shule za sekondari za Marekani na aangalie, kwa maana huko sifuri hiyo haitambuliwi.)

Hapa ndipo kijana mwenye bidii anapoumia. Ameutazama ule mwondoko ambao Šarūnas Marčiulionis wa Lithuania aliingia nao katika ligi ya NBA mwaka wa 1989, na ambao baadaye Manu Ginóbili wa Argentina aliueneza: hatua moja upande huu, ya pili upande ule, anayekaba akabaki ameduwaa. Ni hatua mbili tu. Kijana huufanyia mazoezi jioni baada ya jioni, na siku ya mechi akapulizwa kipenga. Akipulizwa mara tatu hataurudia tena, na mwalimu wake, ambaye pengine hakuisoma sheria hiyo mpya, atamkemea kwa kuleta mbwembwe.

Wakati huohuo, kosa halisi linapita bila kuguswa. Mwanagenzi anayesimama na mpira, akainua egemeo lake kwanza ndipo akaudunda, ameshampita anayemkaba kwa nusu hatua ambayo hakuistahili. Hilo hutendeka mbali na kikapu, macho ya watu wote yakiwa mikononi, na hakuna anayefoka. Laiti ukali tunaoutumia pale kikapuni ungehamia hapa!

Kuna na waangukao. Aliyeshika mpira akaanguka na kuteleza sakafuni hajakosa. Akibiringika nao, au akijaribu kusimama nao, amekosa.

Dawa yake haihitaji fedha. Kabla ya mashindano ya muhula wa kwanza, mwalimu awapange wanafunzi wawili wawili, mmoja atembee polepole na mpira, mwenzake ahesabu kwa sauti: sifuri, moja, mbili. Kisha wabadilishane. Hesabu ianze pale mpira unaposhikwa kwa mikono miwili au unapotulia katika mkono mmoja, wala si kabla. Naye mwamuzi asiyejua mpira ulitulia lini asipulize kwa kukisia. Nahodha akimjia kwa adabu na kumuuliza, "Ni mguu upi, mwalimu?", awe na jibu la neno moja: kulia au kushoto.