Sanamu za amani: ile mikono ni ya nani na nani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya ahadi iliyojengwa ikasimamishwa katika bustani za mji wetu mkuu, mahali ambapo kila mpita njia huiona, awe tajiri au maskini, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Ahadi yenyewe ni ya maneno matatu ambayo sisi tuliosoma shule katika miaka ya themanini tuliyaimba mpaka sauti zikatukauka: amani, upendo na umoja.

Nakiri mapema kwamba sisi watu wa Pwani hatukulelewa na masanamu. Mafundi wetu wa Lamu wamechonga milango vizazi na vizazi, wakatia maua, minyororo na maandishi, wala hutaona sura ya mtu. Wazee wetu walipotaka kumkumbuka mtu mkubwa walijenga kaburi lenye mnara, kama lile lililo karibu na msikiti kule Malindi. Kule Gede liko kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Hakuna aliyechongwa pua wala macho, na hata hivyo kumbukumbu imebaki.

Kwa hiyo mwaka 2006, maalim wangu aliyenisomesha chuoni nikiwa mtoto alipokuja Nairobi kutibiwa macho, sikutazamia kwamba angetaka kuonyeshwa sanamu. Lakini alipofunguliwa bandeji na kuona vizuri, Alhamdulillahi, aliniambia, "Mwanangu, nimesikia habari za minara ya huku kwenu tangu zamani. Hebu nitembeze nikaione kwa macho yangu haya mapya."

BARABARA YA LANG'ATA

Tulianzia Bustani ya Uhuru iliyo kwenye Barabara ya Lang'ata. Hapo ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na ya Mwingereza ikateremshwa. Mwaka 1983, nchi ilipotimiza miaka 20 ya uhuru, ulisimamishwa hapo mnara wa kama mita 24 kwenda juu. Kileleni kuna mikono iliyoshikana pamoja na njiwa wa amani. Chini yake kuna sanamu za watu wakipandisha bendera.

Maalim aliinua uso, akaweka kiganja juu ya nyusi kuzuia jua, akatazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nangoja nikemewe. Badala yake alisema kwa upole, "Hiyo mikono haina neno. Kiungo peke yake si kiumbe kamili, na wanavyuoni wengi wamelegeza hapo. Huyo ndege na hao watu wa chini, hapo ndipo penye maneno."

Nikamwambia, "Basi turudi, Maalim?"

"La, sikuja kutoa fatwa. Nataka unijibu swali moja tu. Hiyo mikono iliyoshikana ni ya nani na nani?"

Nilibabaika. Nilisema ni ya Wakenya. Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akitikisa zamani nilipokosea kusoma. "Wakenya wepi? Mkono wa mtu una mwenyewe."

RUNGU JUU YA MLIMA

Siku ya pili tulikwenda katikati ya mji, Central Park, ambayo imetengwa na Uhuru Park kwa Kenyatta Avenue tu. Hapo umesimama mnara wa Nyayo, uliojengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Mkono mkubwa umechomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya, nao umeshika rungu. Amani, upendo na umoja ndiyo yaliyokuwa maneno ya siasa ile ya Nyayo.

Maalim akacheka kidogo. "Jana mikono ilikuwa miwili imeshikana. Leo ni mmoja, na una rungu."

Nilimweleza kwamba kwa Rais Moi rungu lilikuwa alama ya uongozi, si silaha. Akakubali. Lakini mwenyewe nilipokuwa nikieleza nilikumbuka mambo mengine ya mwaka ule ule wa 1988. Huo ndio mwaka watu walipopanga mistari nyuma ya wagombea katika kura ya mlolongo, na wengi walilalamika kwamba aliyekuwa na mstari mfupi alitangazwa mshindi. Mwaka 1989 ilitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, naye Profesa Wangari Maathai akasimama kuitetea bustani mpaka mpango ule ukafa. Mwaka 1992 akina mama ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa ajili ya siasa walikaa katika pembe ya Uhuru Park wakigoma kula, na polisi wakawapiga na kuwafukuza. Yote hayo hayakuwa mbali na mnara wa amani.

Hapa Pwani nasi tulikuwa na yetu. Mwaka huo wa 1992 chama cha IPK kilikataliwa kuandikishwa, na vijana wakapambana na polisi katika mitaa ya Mombasa. Halafu ikaja Agosti 1997, Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na ndugu zetu waliotoka bara wakafukuzwa kwa maelfu. Wengi walikimbilia kanisani wakalala uwanjani na watoto wao.

Kisa hicho Maalim alikijua kuliko mimi, kwani wakati ule alikuwa akikaa Likoni. Tulikaa kwenye nyasi akanihadithia jambo ambalo hakupata kunihadithia. Jirani yake alikuwa mshona viatu kutoka bara, Mkristo, mwenye mke na watoto watatu. Usiku mmoja walibisha mlango wa nyuma. Maalim aliwatia chumba cha ndani, kisha akatoka akakaa barazani na tasbihi yake mpaka alfajiri. Vijana walipita wakauliza kama kuna wageni ndani. Akawaambia ndani mna watu wake.

"Sikusema uongo," akaniambia. "Jirani ni mtu wako. Asubuhi tulipoagana pale kwenye feri tulishikana mikono, wala hatukuonana tena. Basi jana nilipokuuliza ile mikono ni ya nani na nani, nilikuwa naufikiri mkono wake."

MAJINA UKUTANI

Kabla hajarudi Mombasa nilimpeleka mahali pa mwisho, bustani iliyo Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, palipokuwa na ubalozi wa Marekani. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 mjini Nairobi. Mwaka 2001 bustani ya ukumbusho ilifunguliwa hapo, na majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Maalim aliyasoma mmoja mmoja kwa macho yake mapya, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza alisema neno moja tu: waliofanya vile walidai wanafanya kwa ajili ya dini yetu, na hakuna dhuluma kubwa zaidi kwa dini kuliko hiyo.

Maalim ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Swali lake limebaki kwangu, na kila nipitapo Barabara ya Lang'ata huniuma. Naona kwamba mnara hauleti amani. Uliokuwapo tangu 1983 haukuzuia Likoni, na ule wa 1988 haukuwazuia polisi kuwapiga akina mama. Lakini si sababu ya kuubeza. Ahadi iliyowekwa hadharani haiwezi kukanwa, na raia anaweza kusimama chini yake akadai deni lake.

Nasi Mombasa tuna Mapembeni, pembe zilizowekwa mwaka 1952 kwa heshima ya ufalme wa Kiingereza. Likoni sijaona ukumbusho wa waliouawa na waliofukuzwa mwaka 1997. Ikiwa siku moja tutaujenga, hatuhitaji sura ya mtu. Tunao mafundi wa khati na wachonga milango. Na wachonge mlango mmoja wa Kiswahili, usimamishwe karibu na feri, uwe wazi daima. Atakayeuliza maana yake aambiwe kwamba usiku mmoja palibishwa hodi, na pakafunguliwa.