Mashine Hununuliwa kwa Chuma Chake

Mtu mwenye karakana ndogo, ambaye kwa muda mrefu ametosheka na tupa, msumeno, jiriwa na keekee ya kusimama, hufika siku akatambua kuwa kazi aitakayo haiwezekani tena bila ya mashine ya kuchonga chuma, ile ambayo mafundi huiita mashine ya milingi, ambamo kisu huzunguka juu na kipande kilichofungwa mezani hupelekwa chini yake kushoto na kulia, mbele na nyuma, mpaka umbo lililokusudiwa litokee. Aghalabu fikra hiyo haiji peke yake. Huandamana na nyingine iliyo tamu zaidi, kwamba mashine hiyo ikiisha kununuliwa na kuzoeleka, huenda siku moja ikavuliwa magurudumu yake ya mkono na kutiwa mota zinazotii kompyuta, ikawa mashine ya CNC, yenye kuendeshwa kwa tarakimu. Azma hii ya pili, ijapokuwa bado haijakatiwa shauri, yapasa iingie katika hesabu tangu siku ya kwanza, kwa sababu mashine mbili zilizosimama dukani ubavu kwa ubavu, bei zao zikikaribiana, zaweza kutofautiana mno siku ya kugeuzwa.

Rai yangu ni kuwa mashine ya namna hii hununuliwa kwa chuma chake. Mota yaweza kubadilishwa, na parafujo yaweza kubadilishwa, na kila waya na kila saketi iliyomo ndani yake yaweza kung'olewa na kutupwa. Bali uzito wa nguzo, unyofu wa reli na upana wa tandiko ni mambo yaliyokwisha amuliwa katika kalibu ya kiwandani, na mnunuzi hana la kuongeza wala la kupunguza ila kwa gharama inayokaribia ya mashine nyingine.

Wako wanaodhani kuwa kugeuza mashine ya mkono ni njia ya wasio na fedha, na kuwa mashine halisi ya tarakimu ni ile iliyozaliwa hivyo. Historia yasema vingine. John Parsons, mwenye kiwanda huko Traverse City katika jimbo la Michigan, Marekani, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, ndiye aliyepata fikra ya kukiongoza kisu kwa nambari zilizokokotolewa. Kazi hiyo ikaingia mikononi mwa wahandisi wa chuo cha MIT, na mwaka 1952 ikaonyeshwa hadharani mashine ya kwanza ya jinsi hiyo. Nayo haikuundwa upya tangu msingi. Ilikuwa Cincinnati Hydro-Tel, mashine kubwa ya viwandani ya kuchonga chuma, iliyotolewa viungo vyake vya kuongozea na kutiwa vingine vilivyotii ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Hataza ya Parsons na mwenzake Frank Stulen ikatolewa mwaka 1958. Kwa hiyo fundi anayeigeuza mashine yake ndogo barazani pa nyumba yake anafanya, kwa kadiri yake, kile kile kilichofanywa na waasisi wa sanaa hii: chuma kilibaki, uongozi wake ukabadilishwa.

Basi mnunuzi atazame chuma, na aanze na nguzo. Ziko mashine ambazo nguzo yake ni bomba nene la mviringo, mfano wa zile zilizoenea kutoka kiwanda cha Rong Fu cha Taiwan kwa jina la RF-30, na mitumba yake huuzwa kwa bei inayoshawishi. Kwa kutoboa matundu ni mashine njema. Lakini kila kichwa kinapolegezwa ili kipandishwe au kishushwe, huzunguka kidogo kwenye nguzo, na ile nukta ambayo fundi alihangaika kuipata chini ya kisu hupotea, asiweze kuirudia ila kwa kupima upya. Mtu anayetaka mashine itakayopokea amri za kompyuta aiache, hata akipewa kwa nusu ya thamani, atafute yenye nguzo ya pembe nne, ambayo kichwa chake hupanda na kushuka juu ya reli zilizochongwa mshazari na kukazwa kwa kabari.

Hata nguzo za pembe nne si sawa. Mashine ndogo iliyotapakaa duniani kupita nyingine ni ile iitwayo X2, ya kampuni ya Sieg ya Shanghai, inayouzwa kwa rangi nyingi na majina mengi katika nchi mbalimbali, yenye uzito wa kilo 50 hivi, kiasi cha kubebwa na watu wawili. Katika umbo lake la asili nguzo hushikwa na nati moja kubwa kwa nyuma, ili ipate kulazwa upande huu au ule kwa kazi za mshazari. Fadhila hiyo ya kulaza ina gharama yake. Funga daili geji yenye kitako cha sumaku juu ya meza, ncha yake iguse kichwa karibu na kisu, kisha kisukume kichwa kwa kiganja, kwa nguvu ile tu mtu anayotumia kusukuma mlango mzito. Sindano itaondoka mahali pake mbele ya macho yako, na ukiachilia itarudi. Kile kilichofanywa na kiganja chako ndicho kitakachofanywa na kisu kila jino lake linapouma feleji, mara nyingi kwa sekunde, na alama zake zitabaki juu ya kipande kama mawimbi madogo yanayohisiwa kwa ukucha. Wenye mashine hizi huziba kasoro hiyo kwa kuongeza bamba nene nyuma ya nguzo, na wauzaji wengine wamezitoa zikiwa na nguzo isiyolala kamwe. Kwa anayekusudia CNC, nguzo isiyolala ndiyo bora, kwa maana kompyuta haitamwomba kamwe ailaze.

Chini ya X2 kwa uzito ziko mashine za Sherline, zinazotengenezwa Vista, California, na za Taig, za jimbo la Arizona. Ni ndogo hata zaweza kukaa juu ya meza ya kusomea. Meza ya Sherline yenyewe ni ya alumini. Asizidharau mtu. Mtengeneza saa, au mwenye kuunda vielelezo vya meli na garimoshi, au mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana wa shule, hatapata kilicho sahihi zaidi kwa ukubwa huo, na zote mbili huuzwa pia zikiwa tayari na mahali pa kufungia mota za kompyuta, jambo linalomwondolea mnunuzi nusu ya taabu. Bali anayetaka kuchonga bamba la chuma la kiasi cha kitabu kilichofunguliwa, hizo hazimtoshi.

Yeye atazame jamii ya G0704, inayouzwa na Grizzly wa Marekani, ambayo ndugu zake huko Ulaya hujulikana kwa jina la BF20. Uzito wake wapita kilo 100, meza yake huenda upande kwa upande karibu milimita 480 na mbele na nyuma karibu 175, na sehemu zake zimefunguliwa, zimepimwa na kuchorwa na wageuzaji wengi mno, hata mtu anayeanza leo hana haja ya kubuni bano hata moja. Hili la mwisho nalihesabu kuwa fadhila kubwa kuliko milimita kumi za nafasi. Juu yake iko RF-45, yenye gia kichwani na uzito unaokaribia kilo 300. Ni mashine ya heshima, lakini ainunuaye awe na sakafu ya zege na namna ya kuinyanyua, na aridhike na kisu kinachozunguka polepole.

Jambo la pili baada ya chuma ni mchezo, ule ambao mafundi wetu huuita plei. Katika mashine ya mkono meza husukumwa na parafujo inayozunguka ndani ya nati ya shaba, na baina ya meno ya viwili hivyo pana upenyo. Zungusha gurudumu upande wa kulia mpaka meza iende, kisha rudisha kushoto: utaona gurudumu linazunguka na meza imetulia, mpaka meno yashikane tena upande wa pili. Katika mashine ndogo upenyo wa sehemu mbili za kumi za milimita si ajabu. Mkono wa fundi waujua na huusamehe, kwa kukaribia kila kipimo kutoka upande mmoja. Kompyuta haiujui. Iagize ichonge duara, nayo, kila mhimili mmoja unapogeuza mwendo, husimama kitambo ilhali mwingine unakwenda, na duara hutoka na ubapa mdogo katika pande zake nne, wazi kabisa ukipitisha kidole. Iko programu ya kuongeza mizunguko ili kuufuta upenyo huo, lakini haiwezi kuizuia meza isivutwe na kisu chenyewe pale meno yake yanapokata kwa kuelekea upande ule ule wa mwendo wa meza. Hapo meza huruka, na kisu huvunjika.

Dawa yake ni parafujo ya gololi, ambamo nati haigusi parafujo ila kwa vijigololi vya feleji vinavyobingirika katika mfereji wake. Iliyozoeleka katika mashine za kadiri hii ina unene wa milimita 16 na husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko. Hebu na tufanye hesabu. Mota ya hatua, ambayo ndiyo itumikayo, hugawa mzunguko mmoja kwa hatua 200. Kila hatua ikigawanywa tena kwa 8, mzunguko una hatua 1,600, na kila moja yasogeza meza sehemu tatu hivi za elfu za milimita. Ni uchache unaostaajabisha, nao hauna maana yoyote kama nati ina upenyo ulio mkubwa kwake mara sitini. Kwa hiyo anayepima fedha zake azitumie kwanza kwenye parafujo na beringi zake za mwisho, kabla ya kutamani mota yenye nguvu zaidi. Na kabla ya kununua mashine alale chini, atazame kwa kurunzi chini ya tandiko, aone kama pana nafasi ya nati ya gololi, ambayo ni nene kuliko ya shaba. Katika mashine nyingine tandiko lenyewe hudai kuchimbwa.

Pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Parafujo ya kawaida ina msuguano mwingi, na msuguano huo ndio unaoishika meza mahali pake unapoondoa mkono. Parafujo ya gololi haina: sukuma meza nayo itakwenda, na kichwa kizito cha mashine, umeme ukikatika, chaweza kuteremka chenyewe mpaka kisu kikakita mezani, isipokuwa kimewekewa pandikizi la gesi, uzito wa kukisawazisha, au breki. Mashine iliyogeuzwa ipasavyo hairudi tena kuwa mashine njema ya mkono. Ambaye kazi zake ni za moja moja, leo tundu la bawaba, kesho mfereji wa ufunguo wa shafti, atapoteza muda mwingi kuiandikia kompyuta kile ambacho gurudumu lingekifanya kwa dakika chache, huyo asigeuze. Faida ya CNC ni kwa anayerudia umbo moja mara nyingi, au anayetaka maumbo ya kupinda ambayo mikono miwili haiwezi kuyaongoza kwa pamoja.

Mintarafu ya kasi ya kisu nitasema kwa ufupi. Kisu cha milimita 6 katika alumini chataka mizunguko inayokaribia 5,000 kwa dakika, na X2 na G0704 hukoma kwenye 2,250 au 2,500; wengi huondoa gia, ambazo katika X2 za awali ni za plastiki, na kutia mkanda. Tundu la kushikia kisu liwe la R8, kipimo kilichoenezwa na mashine za Bridgeport, kwa sababu vishikizo vyake hupatikana kwa urahisi na huachia kwa pigo dogo, ilhali vile vya Morse hudai nyundo, na nyundo haizifai beringi.

Msomaji aliye Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ana hesabu zaidi. Mashine iliyoundwa kwa soko la Marekani hutaka umeme wa volti 110, na hapa kwetu ni 230 au 240. Transfoma itafaa kama ina uwezo wa kutosha, lakini kuiagiza yenye volti zetu kutoka Ulaya au Uchina ni salama zaidi. Umeme unaopanda na kushuka huua kwanza ile saketi inayotawala kasi ya mota, kwa hiyo kilinda umeme kinunuliwe siku moja na mashine. Nauli ya meli hufuata uzito na ukubwa, na hapa ndipo mtu hushawishika kuchukua iliyo nyepesi. Nami nasema heri kungoja mwaka mmoja akaleta kilo 100 zilizo imara.

Ikifika, isafishwe mafuta mazito ya safarini, kabari zikazwe, kichwa kinyooshwe kwa daili geji, kisha itumike kwa mkono. Mabano ya kubebea mota za baadaye yachongwe na mashine hiyo hiyo ingali na magurudumu yake, kwa maana ikiisha kufunguliwa haitaweza kujichongea kilichosahauliwa. Mota za ukubwa wa NEMA 23 zatosha meza, na kichwa kipewe NEMA 34. Programu hazina gharama: LinuxCNC, iliyotokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, na GRBL, inayokaa katika kibao kidogo cha Arduino, zote hupatikana bure. Na kabla ya mota ya kwanza kuungwa, kifungwe kitufe chekundu cha dharura mahali mkono unapofika bila ya kuvuka kisu, kiwe kinakata umeme wenyewe wa mota zote pamoja na ule wa kisu, kisiwe ni cha kuipelekea kompyuta habari tu.