Mvinyo wa Shiraz hautoki Shirazi

Ukipita kwenye rafu za vileo katika supamaketi kubwa za Nairobi au Mombasa, utakuta chupa za mvinyo mwekundu kutoka Afrika Kusini zimeandikwa Shiraz. Msomaji aliyekulia Pwani atawakumbuka mara moja Washirazi, wale ambao tarikhi ya Kilwa inasimulia kwamba walitweka matanga kutoka Uajemi. Je, na mvinyo huu ni Mshirazi? Swali hili si la wanywaji tu. Ni la etimolojia.

Nchini Ufaransa mzabibu wenyewe huitwa Syrah, na nyumbani kwake ni bonde la mto Rhône, kusini mwa jiji la Lyon. Juu ya mji wa Tain-l'Hermitage kuna kilima cha graniti kinachotazama kusini na kunyonya jua mchana kutwa. Eneo lote la Hermitage halizidi hekta 140 hivi, lakini zamani wafanyabiashara wa Bordeaux waliutafuta mvinyo wake ili kuitia nguvu mivinyo yao iliyokuwa hafifu. Ukipanda na mto, ng'ambo ya magharibi utafika Côte-Rôtie, jina ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri kama 'mteremko uliobanikwa'. Hapo mlima umesimama wima kiasi kwamba kazi nyingi hufanywa kwa mikono, juu ya matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe. Na watu wanaposema Syrah inanukia pilipili manga, wala si tamathali ya usemi: kemikali iitwayo rotundoni, inayoipa pilipili manga harufu yake, imo pia kwenye ganda la zabibu hizo.

Sasa turudi kwenye jina. Kuna hekaya kwamba shujaa mmoja, Gaspard de Stérimberg, alichoka na vita vya msalaba, akajitenga kilimani hapo mwaka 1224 aishi kama mtawa. Ndiyo maana pakaitwa Hermitage. Wasimulizi wakaongeza chumvi: eti alikuja na mche kutoka Shiraz, Uajemi. Mbona basi wengine husema vita alivyopigana vilikuwa kusini mwa Ufaransa kwenyewe?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa California na Montpellier walipima vinasaba vya mzabibu huo. Wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, mizabibu miwili ya kusini-mashariki mwa Ufaransa. Uajemi haumo kabisa.

Tahajia ya Shiraz ilishika mizizi Australia, ambako James Busby alipeleka vipandikizi kutoka Ulaya mnamo 1832. Huko kuna walioandika Scyras, kisha Shiraz ikashinda. Watu wakikutana na jina geni hulivuta lifanane na wanalolijua. Sisi wenyewe tumefanya hivyo: vinho ya Wareno tumeivisha m- ikawa mvinyo, nayo du vin ya Wafaransa tukaimeza pamoja na kihusishi chake, ikawa divai.

Lakini usikimbilie kusema kwamba na Washirazi wetu ni hekaya tupu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa Pwani karne nyingi zilizopita, pamoja na Mtwapa na Manda. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa upande wa mababu wa kike, na asili ya Kiasia upande wa mababu wa kiume, hasa Waajemi, mchanganyiko ulioanza mnamo mwaka 1000. Hata hivyo, lugha iliyobaki vinywani mwa wajukuu ni ya Kibantu, yenye maneno machache ya Kiajemi kama bandari.

Siku hizi baadhi ya wakulima wa Australia na Afrika Kusini huandika Syrah kwenye chupa wanapotaka kuashiria mvinyo mwepesi wa mtindo wa Rhône, na Shiraz ule mzito wenye utamu wa matunda yaliyoiva sana. Mzabibu ni ule ule.