Kobe wa Majini na Bwawa la Uani

Watu wa pwani hutofautisha kobe, akaaye nchi kavu, na kasa, akaaye baharini. Sisi wa huku ziwani tunaye wa tatu, ambaye ni mdogo, wa rangi ya udongo, na huonekana hasa mvua zinapojaza mitaro na madimbwi. Twamwita kobe wa majini. Watoto humwokota, wakamtia katika karai na kumpa ugali, na baada ya majuma machache hufa. Makala haya yaeleza kwa nini hufa, na mtu mwenye uwanja nyuma ya nyumba hapa Kiseke afanyeje ili aishi.

Lakini kwanza habari ya sheria, maana wengi hawaijui. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata mnyama wa porini akamfuga bila kibali. Basi mzazi au shule itakayo bwawa la kobe yafaa iende kwa afisa wanyamapori kabla ya kushika jembe. Mtoto aliyekwisha kumwokota kobe njiani amrudishe majini pale pale alipomkuta. Hilo si kosa la kufichwa, na kobe hatapata hasara yoyote.

Kobe hawa wa kwetu si wa aina moja. Wote hawarudishi kichwa ndani moja kwa moja kama kobe wa nchi kavu, bali hukunja shingo upande, wakakilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba. Lakini wengine wana bawaba katika gamba la tumboni, nao huweza kuliinua sehemu ya mbele na kujifungia kama mtu afungaye mlango. Mmoja wa hao wenye bawaba hupatikana katika Ziwa Viktoria, na wataalamu walimpa jina Pelusios williamsi mwaka 1965. Asiye na bawaba hupenda madimbwi yakaukayo. Maji yakiisha hujizika katika tope akangoja mvua, au hufunga safari kwa miguu kutafuta dimbwi jingine. Ukimshika ghafula hutoa harufu mbaya sana, na kucha zake ni kali.

Sasa twaona kwa nini karai humwua. Kobe hana joto lake mwenyewe, hulipata kwa jua. Jua hilo ndilo linalomwezesha kujenga mifupa na gamba, na akikosa, gamba hulegea. Tena hula majini na kuchafua majini, kwa hiyo maji machache huoza upesi, naye huugua macho na ngozi. Na huo ugali haumfai kabisa, kwa kuwa yeye ni mla nyama.

Bwawa la kutosha kobe wawili liwe na urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu, na kina cha kufika magotini, upande mmoja ukiteremka polepole ili apande bila taabu. Mawe hatuna haja ya kuyanunua katika mji huu wa miamba: chagua moja pana, liweke lichomoze juu ya maji mahali papigwapo na jua la asubuhi. Upande mwingine uwe na kivuli, maana asipopata pa kukimbilia saa saba mchana ataumia kwa joto. Zungusha ukuta wa matofali usiopungua kimo cha goti, na msingi wake uingie ardhini, kwa sababu kobe hupanda na hufukua kuliko mtu awezavyo kudhani. Nyumba yenye mtoto mdogo haina budi kuweka wigo mrefu na mlango wa komeo. Maji ya kufika magotini kwa mtu mzima ni mengi mno kwa mtoto atambaaye.

Usipande gugumaji humo, hata likiwa na maua mazuri. Tangu lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wetu wamelijua vya kutosha.

Chakula chake ni dagaa wabichi wazima na mifupa yao, minyoo, na panzi. Mpe kiasi atakachomaliza mara moja, mkubwa kila baada ya siku moja, mdogo kila siku. Konokono huwala kwa furaha, lakini msiingie ziwani kuwatafuta, maana wapo konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Bata wachanga wasiogelee humo. Kobe huwavuta miguu.

Mbu ndio taabu kubwa ya bwawa la nyumbani. Kobe hawamalizi viluwiluwi vya mbu, na samaki wadogo ukiwatia atawala. Dawa ni kumwaga maji yote kila juma, kabla viluwiluwi havijapata mabawa. Maji hayo yamwagwe kwenye migomba, wala si kwenye mboga ziliwazo mbichi. Maji mapya ya bomba yakae wazi siku nzima kabla kobe hajarudishwa.

Baada ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni, kwani kobe mzima wa afya huweza kubeba vijidudu vya salmonela viletavyo kuhara na homa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, baada ya watoto wengi kuugua kwa kuwachezea na kuwatia kinywani.

Mwishowe, acheni udongo mkavu kando ya maji. Jike atatoka, atalainisha ardhi kwa maji ya mwili wake, atafukua na kutaga, kisha atafukia. Mayai hukaa ardhini miezi miwili na nusu au zaidi. Pakiwa na hatari ya mafuriko, yahamishe, lakini kwanza tia alama ya penseli juu ya kila yai na uliweke vile vile lilivyokuwa, kwa maana kiumbe kilichomo hujishika kwenye ganda, na yai likipinduliwa hufa.