Mnyoo Ndani ya Samaki: Tumtambue

Siku ya gulio huku Kasulu na Kibondo samaki hawakosekani. Wapo dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Wapo pia kambale na perege wa Mto Malagarasi. Ni kitoweo kizuri, tena kinajenga miili ya watoto wetu.

Lakini mara nyingine mama anapasua samaki, anakuta mnyoo. Wapo wanaotupa samaki wote. Wapo wanaopika harakaharaka bila kujali. Tena wapo wanaosema kuwa minyoo ya watoto inaletwa na dagaa. Basi, tuelewe jambo hili vizuri.

Tuwatambue

Mnyoo wa kwanza ni wa mviringo kama uzi. Hujikunja ndani ya tumbo la perege au kambale. Wa pili ni bapa na mweupe kama utepe. Huyu hupatikana katika dagaa wa Ziwa Viktoria, na hulijaza tumbo la dagaa mpaka likavimba. Wa tatu anaonekana kama punje ya manjano. Hukaa chini ya ngozi ya samaki, katika nyama au kwenye mashavu.

Minyoo hao watatu hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, kama mnandi na korongo. Mayai yao huanguka majini kutoka kwa ndege. Minyoo wachanga huingia katika vidudu vya majini au konokono, halafu katika samaki. Ndege akimla samaki huyo, mzunguko unaanza tena.

Je, wale wanaotembea juu ya samaki mkavu? Hao siyo minyoo wa samaki. Ni funza, yaani watoto wa inzi. Maana yake samaki hakukaushwa vizuri. Usimnunue.

Je, binadamu huambukizwa?

Ndiyo, akila samaki mbichi au asiyeiva. Mnyoo anayejulikana sana kwa jambo hili ni wa baharini. Anaitwa anisakisi, na hukomaa ndani ya nyangumi na wanyama wengine wa bahari. Anaweza kuwamo katika samaki wengi wa bahari, hata vibua.

Mwaka 1960 wataalamu wa Uholanzi walieleza ugonjwa wake kwa watu waliokula samaki wa bahari bila kuwapika. Mnyoo huchoma ukuta wa tumbo. Mgonjwa hupata maumivu makali, kichefuchefu na kutapika, mara nyingi baada ya saa chache tu. Mwaka 1968 nchi hiyo ikaamuru samaki hao wagandishwe kwanza kabla ya kuliwa. Huko Japani pia ugonjwa huu hutokea, maana wengi hupenda samaki mbichi.

Moto ndiyo kinga

Joto la nyuzi 60 likifika mpaka katikati ya nyama na kukaa dakika moja, mnyoo hufa. Huku kwetu milimani maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, lakini yanatosha kabisa. Utajuaje kama samaki ameiva? Nyama inaachana na mfupa yenyewe, wala hakuna damu karibu na uti wa mgongo. Usitegemee chumvi, moshi au jua peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Pasua samaki mapema, toa matumbo yote.
2. Ondoa minyoo unayoiona. Samaki mwenye minyoo mingi ndani ya nyama, mwache.
3. Fukia matumbo. Usiyatupe mtoni wala usimpe mbwa yakiwa mabichi.
4. Osha dagaa vizuri, maana wengine huanikwa mchangani.
5. Pika mpaka aive. Kisha weka mawese, ule na ugali wako.

Minyoo ya watoto inatoka wapi?

Minyoo mikubwa ya tumboni hutokana na mayai yaliyo katika kinyesi cha mtu. Mayai hayo huingia mdomoni kwa mikono michafu, au kwa matunda na mboga zisizooshwa. Minyoo ya safura hupenya miguu isiyo na viatu. Tegu huletwa na nyama ya ng'ombe au nguruwe isiyoiva. Basi, mzazi akimnyima mtoto dagaa, mtoto anakosa chakula bora na minyoo inabaki. Dawa ya kweli ni choo, sabuni, viatu, na kumpeleka mtoto zahanati akapewe dawa ya minyoo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Utatofautishaje funza na mnyoo wa samaki?
2. Kwa nini chumvi na jua peke yake havitoshi?
3. Je, katika kitongoji chenu kila nyumba ina choo kinachotumika? Kama sivyo, mtaanza lini kuchimba?