Udereva wa Malori ya Mafuta Ghafi: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa Karo



Kamati kadhaa za parokia zimetuletea maombi yanayofanana. Kijana wa jumuiya anaomba karo ya shule ya udereva kwa sababu amesikia kwamba mafuta ya Lokichar yatasafirishwa tena. Familia nyingine zimekwisha kuuza mbuzi ili kulipa sehemu ya kwanza. Wafadhili nao wametuuliza, na wana haki ya kuuliza, kama karo hiyo itampatia kijana kazi. Kabla ya kujibu, tumeona ni vyema tueleze kazi yenyewe ilivyo.

Mafuta yaligunduliwa katika bonde la Lokichar, Kaunti ya Turkana, mwezi Machi 2012. Bomba la kwenda Lamu lilipangwa lakini halikujengwa, hivyo mwezi Juni 2018 serikali na kampuni zilianza mradi wa majaribio wa kusafirisha mafuta kwa malori hadi Changamwe, Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Msafara wa kwanza ulikuwa wa malori manne yaliyobeba mapipa 600 kwa jumla. Kabla mwezi huo haujaisha, wananchi wa Lokichar walifunga njia wakidai usalama na sehemu yao ya ajira na zabuni. Malori yakasimama hadi Agosti. Shehena ya kwanza iliondoka bandarini Agosti 2019, kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka huo zikaharibu barabara, na mradi ukafungwa mwaka 2020. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza hisa zake za Kenya kwa Gulf Energy. Hapo ndipo matumaini yalipofufuka.

Sasa tuje kwenye mzigo. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi. Yakipoa huganda mithili ya samli wakati wa baridi, na hayatoki tena kwenye tangi mpaka yapashwe moto. Kwa hiyo hupakiwa yakiwa moto, katika kontena za tangi zilizofunikwa kwa tabaka la kuzuia joto lisipotee. Dereva anaondoka Lokichar jua likiwaka, anapanda milima ya Pokoti Magharibi, anapita Kitale na Eldoret, halafu anafika Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku mtu hutafuta koti. Lori likiharibika huko likakaa siku mbili, mzigo nao unaanza kuwa taabu. Ndiyo maana katika kazi hii mtu anayejua kusikiliza injini yake na kugundua hitilafu mapema anathaminiwa kuliko mwenye haraka.

Jambo la pili ni kwamba mzigo huu unatembea. Gunia la mahindi likifungwa vizuri hutulia, lakini mafuta ndani ya tangi lisilojaa hukimbilia mbele dereva akishika breki, na hukimbilia upande mmoja akikata kona. Tangi liko juu, uzito uko juu, na kona ambayo lori la mchanga huipita salama inaweza kulilaza lori la mafuta. Dereva mzuri hupunguza mwendo kabla ya kona. Akisubiri mpaka yuko ndani yake, amechelewa.

Sehemu inayotutia hofu zaidi ni mteremko wa kutoka Timboroa kupitia Sachangwan na Salgaa kuelekea Nakuru, kwa sababu lori la kutoka Lokichar huushuka likiwa na mzigo. Mteremko mrefu huchosha breki hadi zikapata moto na kuacha kushika. Kanuni ni kushuka kwa gia ndogo na kuiacha injini ilizuie lori. Wapo madereva wanaotoa gia na kuliachia lori lijiendee ili kuokoa dizeli, na baadhi yao huiuza ile iliyobaki. Tunalitaja hili waziwazi kwa sababu kijana atakuta wenzake wakilifanya na kumcheka asipolifanya.

Ni hapo Sachangwan ambapo tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Msiba wa aina hiyohiyo ulitokea Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, nao ukaua zaidi ya watu 100. Mafuta ghafi si petroli, lakini nayo yana mvuke unaoshika moto. Dereva ambaye lori lake limeanguka, kama yu mzima, kazi yake ya kwanza ni kuwafukuza watu, na wengi watamtukana kwa hilo. Tunaziomba parokia zilizo kando ya barabara hii zilizungumzie jambo hili kwenye jumuiya ndogondogo mapema, wala zisimwachie dereva peke yake.

Hatari nyingine haionekani kabisa. Tangi la mafuta ghafi likifunguliwa mfuniko, mvuke hutoka kwa nguvu na kuisukuma hewa safi. Aliyeinama pale juu anaweza kupoteza fahamu kwa pumzi chache. Nchini Marekani, ambako madereva wengi wa mafuta ghafi hupanda wenyewe juu ya matangi ya visimani kupima na kuchukua sampuli, mamlaka za usalama kazini zilitoa tahadhari mwaka 2016 baada ya kubaini vifo tisa vya wafanyakazi waliokuwa wakipima au kuchukua sampuli kati ya 2010 na 2014. Mwanzoni baadhi ya vifo vya namna hii vilidhaniwa kuwa vya moyo. Kijana anayetaka kazi hii ajue kusimama upande unakotoka upepo, kutofungua mfuniko akiwa peke yake, kuunganisha waya wa ardhi kabla ya kupakia ili umeme tuli usitoe cheche, na kuzima simu. Hayo hayapatikani katika mafunzo ya kawaida ya shule ya udereva ya mjini.

Hatuwezi kuacha familia. Safari ina vituo vya mizani, foleni za kupakua na usiku mwingi wa kulala ndani ya lori. Kati ya Kainuk na Lokichar kuna historia ya wezi wa mifugo wenye bunduki, na magari yamezoea kungoja ulinzi wa polisi. Mke na watoto hubaki wakisikiliza simu. Vishawishi vya vituo vya malori vinajulikana, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwenye barabara kuu si habari ngeni kwa zahanati zetu.

Je, nafasi ni ngapi? Kontena moja lilibeba mapipa kama 150. Mradi wa majaribio ulipofikia lengo la mapipa 2,000 kwa siku, ilihitajika mizigo 13 au 14 kila siku. Tukikadiria kwamba safari ya kwenda na kurudi ni wiki moja, hayo ni malori 90 hadi 100 kwa nchi nzima, na kampuni za usafirishaji huja na madereva wao wenye uzoefu. Leseni ya trela nayo hupatikana kwa kupanda ngazi, baada ya miaka ya kuendesha magari madogo zaidi. Kijana anayeanza leo hataingia kwenye lori la mafuta mwaka ujao, hata visima vikifunguliwa kesho.

Kwa sababu hiyo tumeamua kwamba mfuko wa karo hautalipia mafunzo ya kuanzia yanayoombwa kwa ajili ya mafuta peke yake. Tutapokea maombi ya watu wa aina mbili: wenye leseni ya lori na angalau miaka mitatu barabarani, ambao watalipiwa mafunzo ya mizigo ya hatari na huduma ya kwanza, na vijana wanaotaka ufundi wa magari makubwa, umeme wa magari au uchomeleaji, kazi ambazo malori yoyote yanazihitaji, ya mafuta au ya mahindi.

Familia iliyokwisha kuuza mifugo isinyimwe nafasi ya kuja ofisini. Tutaangalia pamoja nayo kama shule itakubali karo iliyolipwa ihamishiwe kozi nyingine. Fomu ziko kwa makatibu wa parokia. Mwombaji aambatishe nakala ya leseni kama anayo, barua ya padre au katekista, na jina la mtu mmoja aliyewahi kumpa gari aendeshe.